Kutoa kwa Kuchukua: Mwongozo Kamili kwa Mtoto Anayeandika 52 − 27 = 35

Walimu wa Darasa la Pili na la Tatu wanalileta swali hili kila muhula, na wazazi wanaokagua madaftari jioni wanalileta pia. Mtoto anajumlisha vizuri, 58 − 23 anaipata, lakini mpe 52 − 27 akuandikie 35. Unamwelekeza, anaitikia "ndiyo mwalimu", kesho yake 35 inarudi.

Huyo mtoto hajapungukiwa akili. Amefundishwa kukata tarakimu na kuandika kijimoja juu kabla mikono yake haijafungua kumi hata moja, yaani kuvunja fungu la kumi liwe mamoja kumi. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: mikono kwanza, halafu alama za kukata zinazoandika kile mikono ilichofanya, kisha michoro pale njiti zinapoondoka. Kwa darasa zima tenga wiki mbili hadi tatu za vipindi vya Hisabati. Kwa mtoto mmoja nyumbani, robo saa kila jioni inatosha, na muda utakuwa mfupi zaidi.

## Vitu vya kuandaa

Njiti. Nzuri ni za ufagio wa chelewa, zilizokatwa urefu wa kidole cha kati. Kundi la watoto wanne lipate njiti 100. Za kibiriti zinafaa, ila vunja vichwa vyake kwanza.

Vitu vya kufungia. Rababendi, au vipande vyembamba vilivyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli. Uzi haufai: mtoto wa miaka minane hufunga fundo lisilofunguka, na hapa kazi kubwa ni kufungua.

Vizibo vya soda, kumi kwa kila watoto wawili, pamoja na kikombe cha plastiki kisichoonesha ndani.

Kadi za tarakimu 0 hadi 9, zilizokatwa kwenye boksi. Seti mbili kwa kila kundi.

Jedwali la nafasi. Safu tatu zenye vichwa MAMIA, MAKUMI na MAMOJA. Chaki kwenye sakafu inatosha.

Daftari lenye visanduku. Kwenye karatasi tupu tarakimu huteleza, makumi yakakaa chini ya mamia, nawe ukadhani mtoto hajui kutoa kumbe hajui kupanga.

Darasa la watoto 90 litahitaji njiti kama 2,300. Ukiwaza kuzikata peke yako utaahirisha mpaka muhula uishe. Siku ya Ijumaa mwombe kila mtoto aje Jumatatu na njiti 30 alizozihesabu mwenyewe. Zitazidi, na kule kuhesabu tayari ni zoezi.

## Kabla ya yote: soma kosa lenyewe

Andika ubaoni maswali matatu, usimsaidie mtu:

58 − 23
54 − 28
402 − 178

Kwa nini si 52 − 27? Kwa sababu ni swali baya la kupimia. Anayegeuza tarakimu (7 toa 2) anapata 5 kwenye mamoja. Aliyefungua kumi vizuri (12 toa 7) naye anapata 5. Kwa hiyo 35 inaweza kuandikwa na watoto wawili wenye matatizo tofauti kabisa, nawe usijue nani ni nani. Hali hiyo hutokea kila mara tarakimu mbili za mamoja zinapopishana kwa 5. Ziepuke siku ya kupima.

Kwenye 54 − 28 majibu yanasema wazi:

- 26: sahihi.
- 34: anageuza. Ameona 4 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa bila kujali ipi iko juu.
- 36: amefungua kumi, akapata 14 − 8 = 6, lakini hakupunguza makumi. 5 imebaki 5.
- 82: amejumlisha. Hajaangalia alama.
- 25 au 27: njia anaijua, ila amepotea kwenye kuhesabu.

Kwenye 402 − 178, jibu ni 224. Anayegeuza ataandika 376. Ukiona 234, sifuri imegeuka 10 ikabaki 10, ingawa imekwisha kutoa fungu moja kwa mamoja. Ukiona 324, sifuri imegeuka 9 bila mtu kugusa mamia.

Aliyekosa hata 58 − 23, na wa 25 au 27, waanze hatua ya 1. Wa 34 aanze hatua ya 2. Wa 36 anaweza kuanza ya 3. Aliyepata mawili ya kwanza akakosa la tatu, mpeleke hatua ya 6 moja kwa moja, usimchoshe. Wa 82 mwombe asome swali kwa sauti kabla ya kulifanya. Mara nyingi hilo tu linatosha.

Usiweke alama za vyema na kosa kwenye karatasi hizo. Ni za kwako.

## Hatua ya 1: Kuvunja kumi kichwani

Katika kutoa kwa kuchukua, safu yoyote ukiishaifungulia kumi inakuwa na namba kati ya 10 na 18, nawe unatoa tarakimu moja. Ukiziorodhesha zote, kutoka 10 − 1 hadi 18 − 9, zipo 45 tu. Mtoto anayehesabu vidole kwa kila moja hufika kwenye makumi akiwa amesahau kilichomleta.

Anza na mchezo wa kuficha. Watoto wawili, vizibo kumi, kikombe kimoja. Mmoja anafumba macho, mwenzake anafunika baadhi ya vizibo kwa kikombe. Anafumbua, anaona saba nje, anataja vilivyofichwa: vitatu. Anafunua kuhakikisha. Wanabadilishana.

Dakika kumi kila siku, mwanzoni mwa kipindi. Usiugeuze mtihani, uache uwe mchezo. Watoto wataongeza ujanja wao, kama kufunika vyote kumi au kutofunika hata kimoja, na huo ndio wakati sifuri inaingia darasani bila somo.

Wakishazoea, onesha 14 − 8 hivi: weka vizibo kumi pamoja na vinne pembeni. Toa 8 kwenye ile kumi, vinabaki 2. Ongeza vile 4 vya pembeni: 6. Njia hii ni bora kuliko kurudi nyuma kwa vidole, kwa sababu ndiyo hasa mkono utakayofanya kwenye hatua ya 3.

Angalizo. Usikataze vidole. Ukivikataza vinahamia chini ya dawati, na hapo huvioni tena.

Utajua mmefika mtoto akiona vizibo sita na kusema "nne" kabla hujamaliza kuinua kikombe.

## Hatua ya 2: Kufunga kumi, kisha kuifungua

Kila kundi lihesabu njiti 52 na kufunga kila zinapofika kumi. Mafungu mangapi? Matano. Zilizobaki? Mbili. Waziweke kwenye jedwali: mafungu safu ya makumi, njiti mbili safu ya mamoja. Rudia kwa 34, 70, 18 na 6.

Makundi yakaguane. Fungu lenye njiti tisa au kumi na moja litaharibu kila hesabu ya wiki nzima, na mtoto ataamini kosa ni lake.

Sasa linakuja jambo ambalo vipindi vingi huliruka. Ukiwa na 52 mezani, fungua fungu moja mbele yao, zimwage njiti kwenye mamoja, uulize: "Sasa zimekuwa ngapi?"

Wengine watasema 42, kwa kuwa wanaona mafungu manne. Wengine wataanza kuhesabu upya. Waache. Fanya tena, mara hii wao wafungue. Mafungu manne na njiti kumi na mbili. Fungua lingine: mafungu matatu na njiti ishirini na mbili. Funga yote: matano na mbili.

Sababu. Mtoto asiyeamini kwamba 52 imebaki 52 baada ya kufunguliwa hawezi kuelewa kwa nini anakata 5 na kuandika 4. Kwake ni amri ya mwalimu, na amri husahaulika likizo.

Utajua mmefika ukifungua fungu na mtoto akajibu "bado ni 52" bila kugusa njiti. Kama nusu ya darasa bado inahesabu upya, usiende hatua ya 3. Kesho rudia hapahapa kwa namba nyingine.

## Hatua ya 3: Kutoa kwa mikono, kalamu chini

Hakuna kuandika katika hatua hii.

1. Weka 54 kwenye jedwali: mafungu 5, njiti 4.
2. Swali: "Mpe jirani njiti 28." Anza na mamoja. Anahitaji 8, zipo 4. Hazitoshi.
3. Chukua fungu moja kutoka makumi, lisogeze mpaka safu ya mamoja, lifungulie hapo. Sasa kuna mafungu 4 na njiti 14.
4. Mpe jirani njiti 8. Zinabaki 6.
5. Mpe mafungu 2. Yanabaki 2.
6. Soma kilichobaki: 26.

Kosa linaloharibu hatua hii ni la mwalimu: kupanga njiti za namba zote mbili. Unaweka 54 juu, unaweka 28 chini yake, na mezani sasa kuna njiti 82. Mtoto anatazama lundo kubwa kuliko mwanzo na kuambiwa ni kutoa. Njiti ni za namba ya juu peke yake. Ile 28 imo ndani ya 54, na inaonekana inapotoka.

La pili ni maneno. Ukisema "kubwa toa ndogo", umemfundisha kuandika 34. Ukisema "haiwezekani", miaka michache mbele atakutana na namba hasi na kukuona mwongo. Sema "hazitoshi". Halafu sema "fungua". Katika hatua zote za mbele, neno lako liwe hilo.

Wapo watakaoanza na makumi: wanatoa mafungu mawili kwanza, yanabaki matatu, halafu wanafungua moja ili watoe 8. Jibu linatoka lilelile, 26. Usiwakaripie, njia yao ni halali. Tunaanza na mamoja kwa sababu ya usafi wa daftari tu: ukianza na makumi unalazimika kurudi kufuta ulichokwisha andika. Waambie hivyo.

Changanya maswali tangu siku ya kwanza. Ukiwapa maswali kumi yote ya kufungua, watajifunza kufungua kila mara, na 58 − 23 iliyokuwa sahihi itaanza kuharibika.

Mchezo wa kumaliza hatua: kushuka hadi sifuri. Kila kundi la wanne ligawanyike timu mbili. Kila timu ina mafungu matano yaliyofungwa. Zamu yako unavuta kadi, unatoa njiti kwa idadi ya kadi. Huruhusiwi kutoa njiti iliyo ndani ya fungu. Lazima uliweke kwenye mamoja ulifungue. Wa kwanza kumaliza njiti ameshinda. Kadi ikizidi njiti zilizobaki, unatoa zote. Mchezo huu una kelele. Mwambie mapema mwalimu wa darasa la jirani.

Utajua mmefika ukiandika swali na mtoto, kabla ya kugusa kitu, akatazama mamoja na kusema "hapa tunafungua" au "hapa hatufungui".

## Hatua ya 4: Kalamu iandike mkono ulichofanya

Wawili wawili. Mmoja anashika njiti, mwenzake kalamu. Mwandishi haruhusiwi kuandika chochote ambacho mkono haujafanya.

Andika 54 juu na 28 chini, wima, kila tarakimu kisanduku chake.

1. Mkono unachukua fungu moja kutoka makumi. Kalamu inakata 5 na kuandika 4 juu yake.
2. Mkono unafungua fungu kwenye mamoja. Kalamu inakata 4 na kuandika 14 juu yake, kamili.
3. Mkono unatoa njiti 8. Kalamu inaandika 6 chini.
4. Mkono unatoa mafungu 2. Kalamu inaandika 2.

Mpangilio wa 1 na 2 una maana. Wale wa jibu la 36 huanza na mamoja, hufurahia 14 yao, halafu makumi yakasahaulika. Fungu likiondolewa kwanza, hakuna cha kusahau.

Kuhusu kijimoja kidogo kinachobandikwa mbele ya 4 ili isomeke 14: sikipendi. Kwenye daftari la mtoto kinafanana na doa, na mara nyingine huhesabiwa kama 1 ya safu ya jirani. Andika 14 nzima.

Baada ya maswali matatu wabadilishane kazi.

Utajua mmefika ukigusa ile 4 ndogo iliyo juu ya 5 na kuuliza "hii ni nini?" akajibu "mafungu yaliyobaki". Akijibu "nimekopa" na kunyamaza, bado anafuata nyayo. Mrudishie njiti.

## Hatua ya 5: Njiti zinaondoka, mchoro unabaki

Hii ni fupi, siku mbili tatu. Fungu ni mstari mrefu, njiti ni nukta. Kwa 54 anachora mistari mitano na nukta nne. Kufungua ni kukata mstari mmoja na kuchora nukta kumi. Pembeni anaandika hesabu wima kama kawaida.

Wengi wataacha kuchora wenyewe bila kuambiwa. Usimlazimishe aliyekwisha kuacha, wala usimharakishe anayechora bado.

## Hatua ya 6: Sifuri katikati

Hapa ndipo hata wazuri huanguka, na hapa ndipo panahitaji muda kuliko unavyodhani.

Funga mafungu kumi pamoja yawe fungu kubwa la mia. Kwa 402 unahitaji manne, basi fanya hatua hii mbele ya darasa kwa njiti zilizokusanywa kutoka makundi yote.

402 − 178. Mamoja: zinahitajika 8, zipo 2, hazitoshi. Twende makumi tufungue. Hakuna kitu. Hapo nyamaza kidogo, waache watafute. Kuna mtoto atasema: "Fungua mia."

Fungua mia moja: mamia 3, makumi 10. Sasa fungua kumi moja: makumi 9, mamoja 12. Hesabu kwa sauti kilichopo mezani: mia tatu, tisini, na kumi na mbili. Bado ni 402. Toa: 12 − 8 ni 4, 9 − 7 ni 2, 3 − 1 ni 2. Jibu 224.

Wakishaona kwa macho, wape njia ya mkato ya daftarini. Ficha 2 ya mwisho kwa kidole. Inayoonekana ni 40. Hayo ni makumi 40. Chukua moja, yanabaki 39. Kwa hiyo kata 40 yote kwa mstari mmoja, andika 39, na 2 iwe 12. Hakuna tena safari ya kwenda mamia, kurudi makumi, kurudi mamoja. Kwa 4,002 ni vilevile: ficha 2, inabaki 400, ukichukua moja ni 399. Wale wa 234 na wale wa 324 wote wanapona kwa njia hii, kwa sababu hakuna pa kusahau.

Kuna ujanja mwingine kwa namba kama 500 na 1,000: toa 1 juu na 1 chini kabla ya kuanza. 1,000 − 468 inakuwa 999 − 467, na hapo hakuna cha kufungua. Jibu ni 532. Watoto watauliza kwa nini inaruhusiwa. Wape mfano wa umri: dada ana miaka 12, mdogo wake 7, wamepishana 5, mwaka jana walikuwa 11 na 6, na bado walipishana 5.

Angalizo. Ujanja huu uje mwisho. Ukiutanguliza, watautumia pasipohitajika na kutoa 1 juu peke yake.

Utajua mmefika mtoto akifanya 602 − 238 na kupata 364 huku akikueleza 59 imetoka wapi.

## Hatua ya 7: Kujihakiki, na duka la darasani

Kila jibu lihakikiwe kwa kujumlisha: 224 + 178 lazima irudi 402. Usikague daftari lisilo na uhakiki. Siku mbili za kwanza watanung'unika.

Kisha fungua duka. Maboksi matupu ya dawa ya meno, pakiti za chumvi, chupa za maji, kila kimoja na bei yake. Pesa ni karatasi ulizoziandika 50, 100, 500 na 1,000. Bidhaa ya shilingi 650, mteja ametoa 1,000.

Utaona jambo. Mtoto anayeuza karanga au barafu mitaani hatatoa chochote. Atahesabu kupanda: kutoka 650 hadi 700 ni 50, hadi 1,000 ni 300, chenji 350. Sahihi kabisa, na haraka kuliko wewe. Huenda ndiye yuleyule anayeandika 34 kwenye daftari.

Si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi yao kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Sokoni watoto hao walipata asilimia 98 ya hesabu walizoulizwa kama wateja. Hesabu za namna ileile zilipoandikwa kama zoezi tupu la shule, walipata asilimia 37.

Basi mtumie. Mwite muuza karanga mbele awafundishe wenzake njia ya kupanda. Kisha darasa lifanye 1,000 − 650 wima na kulinganisha majibu. Mtoto akiona njia yake ya barazani imekubaliana na ya ubaoni, huanza kuiamini ya ubaoni.

## Hatua ya 8: Mazoezi wanayoyaomba wenyewe

Stadi hii inahitaji kurudiwa mara nyingi, na hakuna mtoto anayependa kunakili hesabu ishirini. Wape hii.

Vuta kadi tatu, zisifanane zote. Tuseme 3, 5, 2. Panga namba kubwa kabisa: 532. Panga ndogo kabisa: 235. Toa: 297. Chukua tarakimu za jibu, panga tena: 972 − 279 = 693. Tena: 963 − 369 = 594. Tena: 954 − 459 = 495. Ukiendelea, 495 inajirudia milele.

Waambie wavute kadi nyingine. 495 tena. Nyingine. 495 tena. Haizidi mara sita kabla ya kufika. Watadhani umezitegea kadi, na watatumia mapumziko yao kutafuta namba itakayokushinda. Kila jaribio ni kutoa kwa kuchukua, safu mbili za kufungua.

Mwalimu mwenye madaftari 90 ana zawadi yake hapa: kila jibu la njiani, likiwa sahihi, lina 9 katikati, na tarakimu za pembeni zikijumlishwa zinaleta 9. 297, 693, 594. Unapita kati ya madawati na kuona kosa bila kukokotoa chochote. Baada ya siku chache watoto wataligundua hilo wenyewe. Usiwaambie mapema.

Ikitokea 99, waandike 099 na waendelee: 990 − 099 = 891. Wakisahau sifuri hiyo watakwama.

Darasa la Nne wapewe kadi nne. Hapo mwisho ni 6174, na haizidi mara saba. Aliyeigundua, mwaka 1949, ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule huko Devlali, India.

## Pale panapokwama

Darasa ni kubwa mno. Usijaribu kundi lote kwa wakati mmoja. Nusu washike njiti, nusu wafanye 495, kipindi kinachofuata wabadilishane.

Mzazi hana njiti. Maharage hayafai, kwa kuwa hayafungiki. Vunja vijiti vya ufagio wa zamani.

Kazi ya nyumbani. Maswali matano: matatu ya kufungua, mawili yasiyo ya kufungua. Ishirini humfundisha mtoto kumpa kaka yake amalizie.

Kiboko. Mtoto anayeogopa huandika haraka ili yaishe, na jibu la haraka kuliko yote ni la kugeuza. Ukipiga kwa 34 utapata 34 nyingine.

Likizo imefuta kila kitu. Rudi hatua ya 3 kwa vipindi viwili, si hatua ya 1.

## Kupima mwisho

Baada ya hatua ya 8, wape hizi bila kutangaza:

73 − 46
602 − 238
Trei tatu za mayai zina mayai 90. Yameuzwa 34. Yamebaki mangapi?

Majibu ni 27, 364 na 56. Kwenye la kwanza, 33 ni ya kugeuza na 37 ni ya kusahau makumi, kwa hiyo utajua nani arudi wapi.

Kisha waongeze la nne, hata kama hujawafundisha: basi limetoka saa 1:45, limefika saa 3:10. Limetembea muda gani? Wengi watafungua vizuri kabisa na kuandika 1:65. Usiwakatie. Waulize fungu la saa moja lina dakika ngapi, uwape nafasi walifungue upya: saa 2 na dakika 70, toa saa 1 na dakika 45, inabaki saa 1 na dakika 25.